Sensa ya Makundi ya Nyota

Nchi yenyewe siitaji. Aliyewahi kuishi humo ataitambua tu, na ambaye hajawahi amshukuru Mungu wake na asome taratibu. Ni nchi ya amani sana. Chama kinachotawala kinaitwa Nyota, na katika uchaguzi uliopita kilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Bendera yake ina nyota moja. Kofia zake zina nyota moja. Watu wakikutana, iwe sokoni au msibani, mmoja husema "Nyota!" na mwenzake hujibu "Ni moja tu!" ndipo waulizane habari za watoto.

Sasa katika nchi hiyo ya nyota moja alikuwapo mwanamke aliyeajiriwa na serikali kuhesabu nyota. Jina lake Dakta Mwanahawa Kirobo.

Huyu Dakta hakuwa mkorofi. Nataka hilo lieleweke mapema, maana baadaye yalisemwa mengi. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, mpenzi wa kahawa chungu na kashata, na siasa aliijua kama mimi ninavyojua kuendesha meli. Kwa miaka saba aliishi Wilaya ya Kimya, uwanda mkavu usio na mti wa maana, mahali lilipowekwa bakuli la chuma lenye upana wa hatua thelathini, limekodoa jicho mbinguni. Bakuli hilo ndilo darubini ya redio.

Lilivyopatikana ni hadithi fupi. Baraza la Mawaziri lilisikia neno "redio" likapiga makofi. Waziri wa Habari akaja kuzindua, na kwaya tatu nyuma yake, akapanda jukwaani akauliza, "Maikrofoni iko wapi?"

"Haina, mheshimiwa," Dakta akamjibu. "Hii haisemi. Inasikiliza tu."

Waziri akalitazama bakuli, akamtazama katibu wake, akalitazama tena bakuli. Mali ya serikali inayosikiliza! Jambo hilo halikuwa na mfano katika utumishi wa umma. Wangeliuza siku ile ile kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini nyuma ya umati alisimama afisa wa Usalama aliyejifanya muuza karanga, naye aliandika kwenye kijitabu chake: *Inasikiliza.* Tangu siku hiyo bajeti ya kituo haikuchelewa hata mwezi mmoja. Dakta alidhani serikali inapenda elimu. Tumwache adhani.

Kilichosikilizwa kilikuwa nyota. Nyota, pamoja na mwanga wake, hutoa mawimbi ya redio, tena dhaifu kupita kiasi. Simu moja ya mkononi mfukoni mwa mtu huyafunika yote kama ngoma inavyofunika mnong'ono. Ndiyo maana Wilaya ya Kimya haikuruhusu simu, redio, wala gari la petroli, kwa kuwa hata cheche za plagi zake bakuli lilizisikia. Wageni waliacha simu zao getini, ndani ya ndoo yenye mfuniko, kisha wakapanda tela la trekta la dizeli lililoendeshwa na Fundi Kilindo. Huyu Kilindo alikuwa mtu mzima wa makamo, mwenye ulimi mkali, na ndiye aliyepanda ndani ya bakuli kila Jumatatu na ufagio kuondoa mavi ya ndege. Getini alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: KIMYA KINGI KINA MSHINDO MKUU.

Na kazi ilifanyika mchana kweupe. Mawimbi ya redio hayajali jua. Saa nne asubuhi, watu wengine wakitafuta kivuli, Dakta alikuwa na vipokea sauti masikioni akihesabu nyota, na kalamu ya mashine ikichora milima na mabonde kwenye karatasi ndefu. Alikuwa akifanya sensa ya makundi ya nyota. Kwani nyota nyingi hazikai ovyo. Huzaliwa pamoja zikakaa pamoja, nyingine mia, nyingine laki. Kufikia mwaka wa saba alikuwa amethibitisha makundi mia mbili na kumi na matatu.

Tena lilikuwapo jingine. Hafifu mno, kwenye pembe ya mbingu ya kusini inayopita juu ya wilaya kwa siku chache tu kila mwaka. Alikuwa amelisikia mara mbili.

"Mara ya kwanza ni bahati," alimwambia Kilindo. "Mara ya pili ni tamaa. Ya tatu ndiyo elimu."

"Basi hiyo ya tatu ije mwaka huu huu, Dakta," Kilindo akasema, "maana gurudumu la kulizungushia bakuli limeliwa na kutu. Mwaka ujao halifiki. Mimi ndiye ninayelipaka grisi, ninakwambia."

Hilo ndilo lililomkosesha Dakta raha. Hakutaka cheo, hakutaka kiwanja. Alitaka kulisikia kundi la mia mbili na kumi na nne kwa mara ya tatu, kabla bakuli halijagoma. Huku akisubiri pembe ile ifike, akaandika ripoti ya yale mia mbili na kumi na matatu, akaitia ndani ya bahasha ya kaki, akaituma wizarani. Juu ya bahasha aliandika kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa shuleni: MAKUNDI YA NYOTA: SENSA YA AWALI.

Maskini Dakta wa watu.

*

Ili uelewe kilichotokea masjala, lazima ujue kwamba katika nchi ile kada wa chama angeweza kusamehewa ulevi, wizi, hata kusinzia wakati wa wimbo wa taifa. Dhambi isiyosamehewa ilikuwa moja: kuwa na kundi. "Makundi ndani ya chama" lilikuwa neno la kutishia watoto. Kila aliyefukuzwa alifukuzwa kwa makundi, na waliomfukuza nao wakafukuzwa baadaye kwa kuunda kundi la kumfukuza.

Karani wa masjala aliisoma bahasha mara tatu. Akapiga muhuri wa SIRI SANA, akaona hautoshi, akapiga wa pili, akaipeleka mwenyewe makao makuu ya chama, bahasha ameificha ndani ya kanzu.

Kamati Kuu ikaisoma kwa sauti, milango imefungwa. Msomaji alikuwa Katibu Mwenezi, Mheshimiwa Bakari Ndauka, mzee wa miaka sabini na moja mwenye nywele nyeusi kupita za wajukuu zake, kwa hisani ya piko.

"'Makundi mia mbili na kumi na matatu yamethibitishwa,'" akasoma. "'Mengi ni machanga na hayatadumu, wanachama wake watatawanyika, kila mmoja na njia yake.'"

Viti vikalia. Mia mbili na kumi na matatu! Wao wenyewe walidhani ni manne.

"'Makundi makongwe yamejaa vizee vyekundu visivyozaa tena kitu kipya, vinavyoshikana kwa sababu tu ya uzito wao.'"

Mzee mmoja wa Kamati akakohoa kwa muda mrefu.

"'Ndani ya makundi hayo zimo nyota zilizokufa zamani, lakini bado zinazunguka na kupiga kelele ile ile, bila kukosea, mara mia kwa sekunde.'" Wajumbe wote wakageuka kumtazama Spika wa Bunge. "'Baadhi ya nyota zinaonekana ziko katika kundi hili, ilhali ukipima mwendo wake unakuta ni za kundi jingine kabisa.'" Hapo hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. "'Na zipo chache ambazo ni kongwe kama zenzake, ila...'"

Ndauka akaanza kuikunja karatasi.

"Malizia, ndugu," wakamwambia.

"'...ila hufyonza jirani zake ili zionekane changa,'" Ndauka akamalizia kwa sauti ndogo, na mkono wake, bila kutumwa na mtu, ukaenda kichwani.

Siku hiyo Kamati Kuu iliafikiana kwa kauli moja, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa miaka: mwandishi wa ripoti hii anajua kila kitu.

*

Wiki iliyofuata wageni wakaanza kumiminika Wilaya ya Kimya. Walikuja mmoja mmoja, kila mtu akidhani yuko peke yake. Ndoo ya simu getini ikajaa, ikaletwa pipa. Mawaziri waliozoea viti vya ngozi wakarushwarushwa kwenye tela, suti zao juu ya magunia ya mkaa wa Kilindo, naye hakupunguza mwendo kwenye shimo hata moja.

Ndauka alifika Jumatano. Akaketi kwenye kiti cha plastiki ofisini mwa Dakta, akajipangusa vumbi.

"Nyota!" akasema.

"Ni nyingi, mheshimiwa," Dakta akajibu bila kufikiri, macho kwenye karatasi yake.

Ndauka akatupia jicho mlangoni. Mtu anayejibu hivyo mchana kweupe lazima ana watu wakubwa nyuma yake. Akasogeza kiti.

"Binti yangu, tuzungumze kama familia. Haya makundi. Umeyatoa wapi?"

"Angani, mheshimiwa. Ni ya juu."

"Juu kiasi gani?"

"Juu sana."

"Juu ya Kamati Kuu?"

"Mheshimiwa, ni juu ya kila kitu!"

Uso wa Ndauka ukawa rangi ya majivu. Juu ya Kamati Kuu kulikuwa na mtu mmoja tu, Mlezi wa Taifa, aliyekuwa madarakani kwa mwaka wa thelathini na moja. Kumbe Mzee anajua! "Sasa," akanong'ona, "mimi unaniona niko kundi gani?"

"Wewe?" Dakta alimtazama kwa huruma, akidhani jua limempiga kwenye tela. "Wewe ni binadamu, mheshimiwa. Humo hamna binadamu."

"Hapo umesema kweli tupu. Hamna mwenye utu humo. Basi nipe hata mwelekeo. Wewe unasikiliza upande gani siku hizi?"

Swali hili, mwishowe, lilikuwa la kitaalamu. Dakta akanyoosha kidole kwa furaha. "Kusini! Kuna kundi kule bado sijalithibitisha, lakini nina hakika nalo. Likithibitika, litabadilisha mambo mengi tunayoyaamini."

Ndauka hakungoja kahawa. Kabla ya alasiri mkuu wa mkoa wa Kusini alikuwa amevuliwa madaraka, na aliyemvua naye alikuwa amevuliwa kwa sababu mkewe alizaliwa Kusini. Kilindo alipoleta gazeti, lenyewe likiwa la tangu juzi, Dakta alilisoma akatikisa kichwa.

"Hawa watu wana matatizo," akasema, akarudi kuhesabu.

*

Hakuhesabu sana. Aliitwa makao makuu, akasimamishwa mbele ya Kamati ya Maadili, na Ndauka akahutubia dakika arobaini.

"Ndugu wajumbe! Umoja wetu ni mmoja! Ni umoja ulioungana ndani ya muungano wa umoja! Leo mtu mwenye bakuli, bakuli, ndugu zangu, chombo cha uji, anatuambia tuko mia mbili na kumi na matatu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Na sisi, ndugu wajumbe, ndio mkuu, ndio guu!"

Makofi yakapigwa, ingawa wengine walionekana kulifikiria lile la guu.

Dakta akajieleza. Alieleza vizuri, kwa subira, na michoro juu. Alisema nyota hizi ni za mbinguni, kwamba hakuna hata moja iliyo na kadi ya chama. Wajumbe wakaandika: *Anakiri wengi hawajalipia kadi.*

Mwisho akapewa karatasi moja. Juu yake palichapwa: *Mimi, Dakta M. Kirobo, nathibitisha kwamba makundi hayapo, hayajawahi kuwapo, na yaliyopo yamevunjwa.*

"Utasaini hapa," Ndauka akamwambia, "na utaisoma mbele ya Mkutano Mkuu. Ukisaini, bakuli lako utabaki nalo. Ukikataa, tutalipindua kifudifudi liwe paa la ukumbi wa mkutano. Una siku kumi na mbili."

Dakta hakupata usingizi. Hakuwa shujaa, na sitaki kumpamba. Alitaka sana kusaini. Kitu gani sahihi moja, kama unapata kusikia kundi lako? Lakini kila aliposhika kalamu aliona kwamba, akisaini kuwa makundi hayapo, hata akilisikia mara ya tatu hatakuwa na mahali pa kulisema. Na kitu usichoweza kukisema utakithibitishaje? Aliona uchungu, akamwonea wivu Kilindo ambaye kazi yake ilikuwa mavi ya ndege tu.

Serikali nayo ilikuwa na hofu zake. Makundi mia mbili na kumi na matatu yakiwasiliana kabla Dakta hajasaini, itakuwaje? Mlezi wa Taifa akatia saini amri: kwa siku kumi na mbili, nchi nzima, zima simu, zima redio, zima televisheni, zima minara yote. Redio ya Taifa ikazimika katikati ya taarifa iliyosema hakuna kitakachozimwa.

Watu wakahangaika. Wapenzi wakarudia kuandikiana barua. Wakuu wa mikoa wakawa wanatuma vijembe kwa baiskeli. Nchi yote, toka mpaka hadi mpaka, ikawa kimya.

Kimya, bwana! Dakta alipovaa vipokea sauti asubuhi ya kwanza alidhani mashine imekufa. Miaka saba alikuwa akisikia nyuma ya nyota zake ule mchakacho wa mbali, vituo vya redio, simu za nchi nzima, hotuba. Sasa hakuna. Katika historia ya elimu ya nyota hakuna serikali iliyowahi kumtengenezea mtaalamu kimya kizuri namna ile, tena bila kuombwa.

"Kilindo!" akapiga kelele. "Paka grisi gurudumu! Tunageuka kusini!"

*

Siku ya tisa, saa tano kasoro robo asubuhi, kalamu ya mashine iliyokuwa ikichora tambarare ikainuka. Ikachora kilima kidogo, laini, ikashuka. Dakta akageuza bakuli pembeni, kilima kikatoweka. Akalirudisha, kilima kikarudi. Akafanya hivyo mara sita. Kilima kilikuwapo palepale kila mara, kinamngoja.

Akalia. Alilia bila aibu, miwani ikajaa ukungu, na Kilindo akalia kwa sababu Dakta analia. Kisha akavuta karatasi iliyokuwa karibu na mkono wake, akaandika saa, pembe na vipimo, haraka kabla furaha haijamvuruga. Alipoinua macho ndipo alipoona ameandika nyuma ya lile tamko la Ndauka.

Mlangoni alikuwa amesimama Afande Mtitu wa Usalama, aliyeletwa kuhakikisha sahihi inapatikana. Ndiye yule yule wa karanga, na karanga bado alikuwa nazo. Baada ya miaka saba alikuwa ameshazoea kuzila.

"Dakta," akasema, "kanda zenu nimezisikiliza miaka yote hiyo. Shiii, shiii. Sijasikia hata mtu mmoja akiitukana serikali. Sasa leo mnalia nini?"

"Nimelipata, afande. Kundi la mia mbili na kumi na nne."

Mtitu akafungua kijitabu kwa mazoea. "Wanachama wangapi?"

"Kama elfu arobaini."

"Wazee, vijana?"

"Wazee wote. Miaka bilioni kumi na moja."

Akaandika, akakosea sifuri, akafuta. "Kiongozi wao nani?"

"Hawana."

"Kila kundi lina kiongozi, Dakta."

"Hawa hawana. Mengine makubwa yana kitu kizito katikati kinachoyavuta. Hili katikati yake ni tupu. Kila nyota inavutwa kidogo kidogo na zenzake zote, na yenyewe inazivuta. Basi."

Kalamu ya Mtitu ikasimama. Akatafuna karanga moja, polepole. "Hakuna kabisa? Na halijasambaratika? Miaka yote hiyo?"

"Halijasambaratika."

Mtitu akavua kofia yake yenye nyota moja, akaitazama, akaivaa tena. Akasogea karibu, akashusha sauti ingawa kwenye wilaya nzima hapakuwa na wa kusikia. "Dakta, yale mia mbili na kumi na matatu hayana shida, watagombana wataisha. Ila hilo usiliandike. Hilo ndilo la hatari."

"Nimeshaliandika."

Akaichukua karatasi. Akasoma upande wa nyuma, akageuza akasoma wa mbele, akageuza tena. Kisha akamrudishia.

"Mimi nilikuwa nje nakula karanga," akasema, akatoka.

*

Siku ya kumi na mbili ikaja kreni. Dakta akaikimbilia akipunga mikono.

"Lakini sijajibu bado! Nilipewa hadi leo jioni nijibu!"

"Ujibu nini, dada?" mkandarasi akashangaa, akatoa barua mfukoni. "Mimi kazi ya paa nilipewa tangu mwezi wa pili."

Hata ripoti yenyewe ilikuwa haijaandikwa mwezi wa pili. Dakta alisimama na ile barua mkononi, na hasira ikampanda taratibu, ya kwanza tangu alipoajiriwa. Kumbe angesaini wangelichukua. Asingesaini wangelichukua. Swali lilikuwa la adabu tu, kama kumkaribisha mtu chakula ukijua sufuria ni tupu.

Kilindo akaja akitukana matusi ambayo sitayaandika. "Na bado wananiuliza nguzo za paa ziwe na urefu gani! Mimi! Nikawaambia nitamuuliza mwenye bakuli."

Dakta alikuwa akilitazama bakuli likining'inia kwenye minyororo.

"Kiti cha Mlezi kitakuwa wapi?"

"Katikati. Ndauka amesema katikati ya katikati."

"Akiketi, kichwa chake kiko futi ngapi kutoka chini?"

"Kwa kile kiti chake? Tano. Kwani vipi?"

Dakta akachukua kalamu, akapiga hesabu kwenye kiganja chake. "Nguzo ziwe futi ishirini na tano. Isizidi hata inchi, isipungue. Bakuli hukusanya, Fundi. Kila linachokipata hukipeleka sehemu moja. Limetazama juu, limekusanya ya juu. Likitazama chini litakusanya ya chini."

Kilindo akamtazama. Halafu akacheka mpaka akashika goti.

*

Mkutano Mkuu uliahirishwa mara mbili, kama ilivyo desturi, kisha ukafanyika saa nne ya asubuhi yenye joto, wajumbe mia tatu chini ya paa jipya la chuma. Mlezi wa Taifa akaketi katikati ya katikati. Ndauka akapanda kwenye jukwaa dogo kando yake.

"Ndugu wajumbe! Makundi hakuna! Na kama yapo, yana umoja!"

Wajumbe walikaa kama wanavyokaa wajumbe: macho mbele, midomo inanong'ona. Kila mnong'ono ukapanda juu, ukagonga chuma, ukashuka kwenye masikio mawili tu.

Mlezi akashtuka. "...piko la Ndauka linachuruzika, hebu mwangalie..." Akageuka nyuma, hapana mtu. "...kiatu kinanibana, huyu mzee atatuachia lini..." "...sisi wa Kaskazini tukiungana na wale wa kahawa..." "...kweli husikia? mimi naona amelala..." Akatazama juu, kwenye lile bakuli kubwa lililomfunika, midomo wazi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amesikia makofi tu.

"Sasa namwita Dakta Kirobo," Ndauka akatangaza, maana hakuna aliyemwambia kwamba karatasi haikusainiwa, "aje atusomee masahihisho yake!"

Dakta akapanda. Alisimama kiasi cha hatua moja kutoka kiti cha Mlezi, akaikunjua karatasi yake, akaitazama upande wa mbele.

"Upande huu sikuuandika mimi," akasema. Akaigeuza. "Kundi la mia mbili na kumi na nne limethibitishwa. Limesikika mara tatu. Lina nyota elfu arobaini. Katikati yake hamna kitu. Halina kiongozi, na halijawahi kuwa naye. Kila nyota inashikwa na zenzake. Limekaa pamoja miaka bilioni kumi na moja, na halijasambaratika."

Akaikunja karatasi. Ukumbi wote ukanyamaza, na pale kwenye kimya, bila kupangwa, kila mjumbe akainama kidogo kwa jirani yake. Minong'ono mia tatu ikapanda mara moja, ikagonga chuma, ikashuka. Safari hii haikuwa na makundi. Yalikuwa maneno mawili.

"Kumbe inawezekana."

Mlezi wa Taifa akashika mikono ya kiti kwa nguvu, akamgeukia Dakta. "Umesikia?" akauliza, kwa sauti ya mzee wa kawaida tu.

Dakta alikuwa amesimama karibu vya kutosha; alikuwa amesikia. Akatazama saa yake, akatoa kalamu, akaandika saa na dakika chini ya vipimo vya kundi lake.

"Nimesikia, Mzee," akasema. "Lakini hiyo ni mara ya kwanza. Bado mbili."